Pumzi Si Dawa: Uhakiki wa Desturi ya Kupuliza Kanda za Gemu

Nyumbani kwetu Luzira, gemu ya runinga ikigoma kuwaka tulikuwa na tiba moja: chomoa kanda, ipulize, irudishe. Picha ikitokea, aliyepuliza alisifiwa kama mganga. Makala haya yanaihakiki tiba hiyo, kwa sababu ninaamini ndiyo iliyotuulia kanda tuliyoipenda kuliko zote.

Mashine yetu ilikuwa nakala ya bei nafuu ya Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Kanda zake zina meno 60 ya shaba, 30 kila upande, na kila jino sharti liguse pini yake ndani ya mashine. Vumbi au kutu vikiingia kati, picha huchezacheza au haitokei kabisa.

Wapulizaji wana hoja yao: "Tulipuliza, ikawaka." Ni kweli iliwaka, lakini walifanya mambo mawili wakalisifu moja. Kuchomoa kanda na kuirudisha hukwangua uchafu na kuyapa meno mguso mpya. Kazi ilifanyika hapo. Pumzi ilileta mate na unyevu, na unyevu huila shaba polepole. Nintendo yenyewe iliwaonya wateja wake wasipulize. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, karibu na bandari ya Port Bell, hewa yetu ina unyevu wa kutosha bila kuongezewa wa mdomoni.

Tiba halisi haina mbwembwe: spiriti kidogo kwenye kijiti chenye pamba, kusugua meno taratibu, kuyaacha yakauke, kisha kuifunika mashine. Msasa usitumike, kwani huondoa pia utando unaoyalinda meno.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni makuu kwa kitu cha kuchezea, na kwamba gemu zilezile zimo kwenye simu. Huenda zimo. Lakini mgongoni mwa kanda yetu mdogo wangu alichora jina lake kwa msumari, na jina hilo halimo kwenye simu yoyote.

Nilipoifungua mwishowe, meno yalikuwa ya kijani, mengine yamelika kabisa. Tone jeusi la gundi linalofunika chipu lilikuwa zima. Pengine gemu bado imo humo, ila njia ya kuifikia tumeiharibu wenyewe. Tuliipuliza kwa miaka, na hakuna aliyeuliza hata siku moja ni kipi hasa kilichoiwasha.