Ufundi wa Kulijaribu Lisilojaribika

Jua la saa sita mchana mjini Lodwar, katika kaunti ya Turkana, Kenya, anga likiwa jeupe, humwaga takriban kilowati moja kwenye kila mita ya mraba ya ardhi. Katika ITER, tanuri la myungano wa nyuklia linalojengwa Cadarache, Ufaransa, sakafu inayopokea joto la plazima, yaani gesi ya moto mno yenye chaji, imesanifiwa kuhimili megawati 10 kwenye eneo kama hilo, na kwa muda mfupi hata 20. Hilo ni jua la Lodwar mara elfu kumi hadi elfu ishirini. Metali iliyokabidhiwa kazi hiyo ni tungsteni, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 3,422 za Selsiasi. Juu ya joto huja nyutroni zenye nishati ya elektronivolti milioni 14, zinazozing'oa atomi mahali pake. Hakuna mtambo duniani leo unaoweza kuipiga metali kwa nyutroni hizo kwa wingi na kwa miaka ambayo kituo cha umeme kitahitaji. Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapostahili sifa, nao ni ufundi hasa, kwa kuwa kasi ya mashine peke yake haimwambii mtu ahesabu nini na aache nini.

Mwaka 1960, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, George Vineyard na wenzake walizipanga atomi takriban 500 za shaba ndani ya kompyuta, wakaisukuma moja kwa ghafla, kisha wakazifuatilia zote kwa kanuni za Newton. Siku hizi atomi ni mamilioni, lakini kila hatua ya hesabu bado hubeba kipande kidogo mno cha wakati, kama sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Mtafaruku unaozushwa na nyutroni moja hutulia kabla sekunde haijaanza kuhesabika, ilhali metali huvimba na kuwa dhaifu kwa miaka. Kwa hiyo hakuna hesabu moja inayotosha. Fizikia ya kwanta hutoa nguvu zinazozifunga atomi, hesabu ya atomi hutoa idadi ya kasoro, na hesabu ya tatu huzifuatilia kasoro hizo zikitangatanga mpaka mhandisi apate ugumu wa metali yake. Joto nalo lina mambo yake. Pigo kali likigeuza uso wa metali kuwa mvuke, mvuke huo huikinga metali iliyobaki, kama tone la maji linavyocheza juu ya kikaango cha moto likibebwa na mvuke wake lenyewe. Asiyeuweka mvuke kwenye hesabu atatabiri hasara kubwa kuliko itakayotokea.

Wapo wanaosema tarakimu si metali, na kwamba kompyuta hukurudishia ulichoitia. Hoja hii ina uzito, na jibu lake limo katika jaribio la mwaka 2013 kwenye tanuri la JET, Culham, Uingereza. Bamba moja la tungsteni liliachwa kimakusudi likichomoza kuliko mengine, na mapigo ya plazima yakaliyeyusha ukingo. Hesabu zilieleza kwa nini uji ule wa metali ulihama: tungsteni ya moto hutoa elektroni, mkondo wa umeme ukapita ndani yake kuzifidia, na uga wa sumaku ukausukuma. Lakini joto ambalo hesabu zilitarajia ukingo upokee halikulingana na lililothibitika. Watafiti waliiandika tofauti hiyo bila kuificha, wakatengeneza bamba jingine lenye mwinamo ambao kamera ya joto ingeuona vizuri, wakapima upya. Uigaji mzuri hujulikana kwa tabia hiyo: huweka dhana zake mezani, ili ukikosea, kosa lionekane liko wapi.

Wengine watauliza Turkana ina haja gani na tungsteni wakati maji na umeme havijafika kila boma. Swali ni la haki, na tanuri la myungano halitalijibu karibuni. Lakini hesabu zile zile za atomi hutumika kuchunguza seli za jua na betri, vitu ambavyo makazi ya wakimbizi ya Kakuma na Kalobeyei tayari yanavihitaji. Na mlango wake uko wazi kuliko wa maabara nyingi: programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure, na ASESMA, mafunzo ya Kiafrika ya hesabu za namna hii yaliyoanza Cape Town mwaka 2010, yalifika Eldoret mwaka 2012. Kinachokosekana ni umeme usiokatika, intaneti ya uhakika na walimu, na vitu hivyo hupatikana kwa bajeti ya chuo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, Lodwar, kinaweza kuufundisha ufundi huu, na vijana wa Kakuma wanaosoma shahada kwa intaneti wanaweza kuufuata. Mwanafunzi atakayeonyesha dhana zake na kukubali kukosolewa atakuwa amelipa kiingilio kile kile alicholipa mtafiti wa Culham.