Kushuka hadi kwenye rejista

Programu ya ngazi ya chini huandikwa karibu kabisa na prosesa. Anayeiandika hutaja mwenyewe rejista, yaani nafasi ndogo za kuhifadhia zilizo ndani ya prosesa, na anwani za kumbukumbu, kazi ambayo lugha kama Python humfanyia mtu kimyakimya. Shuleni masomo huanzia juu, na anayetaka kuteremka kwa kawaida hujitafutia njia. Miongoni mwa wanafunzi waliojifundisha hivyo, safari iliyosimuliwa kwa kina ni ya Linus Torvalds wa Helsinki, Ufini.

Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi babu yake, profesa wa takwimu, aliponunua kompyuta ya Commodore VIC-20. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 5, na programu za BASIC ziliachiwa kama tatu na nusu tu. BASIC ilikuwa ya polepole mno, basi kijana akaanza kuiandikia prosesa nambari tupu za lugha ya mashine, kwa kuwa hakujua kwamba kuna chombo kinachoitwa asembla, kinachogeuza maagizo ya maneno kuwa nambari hizo. Baadaye alipata Sinclair QL na akajiandikia asembla na kihariri chake. Kila hatua ilitokana na kitu alichotaka kifanye kazi, kikakwama kwenye safu ya juu.

Januari 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4. Jaribio lake la mwanzo lilikuwa dogo: kazi mbili, moja ikijaza herufi A kwenye skrini, nyingine B, huku saa ya ndani ya mashine ikizikatiza na kuzipa zamu. Alipozigeuza, moja ikawa inasoma kibodi na kupeleka kwenye modemu, nyingine ikasoma modemu na kuandika kwenye skrini. Akaweza kuingia kwenye kompyuta ya chuo akiwa nyumbani. Kuhifadhi faili alizopakua kukadai programu ya kuendesha diski, kisha mfumo wa faili. Kufikia Septemba mwaka huo toleo 0.01 la kazi hiyo, iliyoitwa Linux, lilikuwa na mistari kama 10,000. Kulikuwa na hasara pia: aliwahi kuelekeza amri za kupiga simu kwenye diski badala ya modemu, akaharibu sehemu iliyokuwa na mfumo wa Minix. Huko chini mashine haiulizi kama mtu ana hakika.

Linux iliyoanza hivyo ndiyo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, iliyo ndani ya simu za Android, ikiwemo ya mwanafunzi wa Salaita, kando ya barabara ya Voi–Taveta, asiye na laptopu. Akiweka programu ya Termux, anapata kompaila ya C na asembla, na bando linahitajika wakati wa kupakua tu. Simu nyingi za sasa zina prosesa ya ARM ya biti 64, yenye rejista 31 za matumizi ya jumla, x0 hadi x30. Ili kuandika neno kwenye skrini, x0 hupewa 1, yaani skrini. X1 hupewa anwani ya neno. X2 idadi ya baiti. Na x8 nambari 64, ambayo kwa kerneli ina maana ya kuandika. Agizo la svc huikabidhi kerneli kazi. Jibu hurudi kwenye x0: idadi ya baiti zilizoandikwa, au nambari hasi palipo na kosa. Kisha x8 hupewa 93 na svc hurudiwa ili programu ifungwe. Hatua hii ikisahauliwa, prosesa huendelea kusoma baiti zinazofuata kana kwamba ni maagizo, na kwa kawaida programu huanguka. Anguko hilo hufundisha mengi kuliko maelezo yoyote ya kitabuni.

Simu ina kikomo: kerneli hairuhusu programu ya kawaida kugusa maunzi moja kwa moja. Kwa hilo hutumika bodi kama Arduino Uno R3, ambayo chipu yake ya ATmega328P ina kilobaiti 2 za RAM, pungufu kuliko VIC-20, na haina kerneli yoyote. Ili kuwasha taa ndogo iliyo kwenye bodi, biti ya 5 ya rejista DDRB huwekwa 1 ili pini iwe ya kutoa umeme, kisha biti hiyohiyo ya PORTB huwekwa 1. Ikirudishwa 0, taa huzimika.