Anza na Majedwali: Jinsi ya Kuutambua Mfumo wa Django Uliojengwa Vizuri

Aliyejenga mfumo hupenda kukuonyesha kurasa zake. Atafungua kivinjari, ataingia kwa nywila yake, atabofya hapa na pale, na kila kitu kitakwenda sawa kwa sababu yeye anajua pa kubofya. Msikilize, msifu panapostahili, halafu mwombe akufungulie faili la modeli, linaloeleza majedwali ya data. Ufundi wake uko humo. Kurasa hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini data hubaki, huhamishwa kutoka mfumo huu hadi ule, na kosa lililoingia kwenye majedwali mwaka wa kwanza huja kukutwa na watu wasiomjua hata aliyelifanya.

Nitazungumzia Django, kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python, na nitashika mfano mmoja tu: mfumo wa kuweka hesabu za SACCOS, wenye wanachama, hisa, akiba, mikopo na marejesho. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake mna fedha za watu, na penye fedha za watu uzembe hauna mahali pa kujificha.

Django ilizaliwa katika chumba cha habari. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani. Gazeti halisubiri, na kila tovuti mpya ilikuwa na mahitaji yaleyale: kuhifadhi data, kuipanga, kuionyesha, na kumpa mhariri mahali pa kuisahihisha. Mahitaji hayo ya pamoja ndiyo yaliyogeuzwa kuwa kiunzi, na Julai 2005 kikatolewa kwa umma bila malipo, kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Asili hiyo inaonekana hadi leo. Ukishaeleza modeli zako na kuzisajili, Django inakupa ukurasa wa usimamizi wenye fomu, orodha na ruhusa kabla hujabuni ukurasa hata mmoja wa kwako. Imeenea mbali na Kansas: Novemba 2023 mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar.

Wepesi huo ni neema, na ndio unaomchanganya anayetaka kupima. Mwanafunzi akifuata mafunzo rasmi kwa siku chache anapata kitu kinachofanya kazi, na kwa macho matupu hakitofautiani na kazi ya fundi mzoefu. Inabidi ujue pa kutazama.

Anza na fedha. Tafuta mahali kiasi cha mkopo kinapohifadhiwa, uone ni cha aina gani. Ukikuta FloatField, una sababu ya kuanza kutilia shaka faili zima. Kompyuta hutunza namba za aina hiyo kwa kukadiria, ndiyo maana ukiiuliza Python 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Kwenye mkopo mmoja hutaona kitu. Kwenye riba za wanachama wote, zikikokotolewa na kujumlishwa mwezi baada ya mwezi, jumla ya ripoti inaweza kukataa kulingana na jumla ya vitabu, na mhasibu atahangaika kutafuta senti ambazo hakuna mtu aliyezichukua. Aina inayofaa ni DecimalField, ambamo mjenzi husema kiasi kitakuwa na tarakimu ngapi na desimali ngapi. Aliyesema hivyo amelazimika pia kufikiri kuhusu ukubwa wa mkopo na namna ya kukadirisha riba. Namba ya simu nayo usiipite: ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea. Simu haijumlishwi wala haigawanywi, kwa hiyo ni maandishi.

Sasa tazama uhusiano kati ya jedwali la mkopo na jedwali la mwanachama. Humo mna neno moja ambalo mimi hulipa uzito kuliko karibu yote mengine: mjenzi ameandika nini kwenye on_delete? Tangu toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2017, Django inakulazimisha useme nini kitokee rekodi ya mzazi ikifutwa. Wanaojifunza wengi huandika CASCADE, kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye mafunzo. Kule ni sahihi kabisa: mafunzo rasmi yanajenga kura ya maoni, na chaguo la jibu lisilo na swali halina maana, basi swali likifutwa na majibu yake yafutwe. Kwenye SACCOS mambo ni tofauti. Karani akimfuta mwanachama aliyejitoa, CASCADE itafuta na mikopo yake, na marejesho yake, na kila stakabadhi iliyofungamana naye. Ukurasa wa usimamizi utamwonyesha karani orodha ya vitakavyofutwa na kumwomba athibitishe. Karani mwenye foleni mbele yake atathibitisha. Kesho yake jumla ya mikopo imepungua na hakuna anayejua kwa nini. Hapo PROTECT ndiyo jibu, inayokataa kufuta kabisa, pamoja na safu ya hali ya uanachama inayosema huyu ameondoka tarehe fulani. Neno hilo moja linakuambia kama mjenzi alikaa na watu wa SACCOS au alikaa na mafunzo peke yake.

Jambo la kina zaidi ni salio. Katika mifumo dhaifu, akiba ya mwanachama ni namba moja kwenye jedwali: ukiweka inaongezwa, ukitoa inapunguzwa. Namba hiyo haina historia. Mwanachama akija kulalamika kuwa alikuwa na 340,000, mfumo hauna la kumjibu zaidi ya kurudia namba ulionayo. Katika mfumo mzuri kila tukio ni rekodi yake yenye tarehe, kiasi, aina, aliyeiingiza na namba ya stakabadhi. Salio linatokana na jumla ya matukio hayo. Rekodi iliyokosewa haifutwi wala hairekebishwi kimyakimya, inaandikiwa nyingine ya kuitangua, kama wahasibu walivyofanya kwenye daftari miaka mingi kabla ya kompyuta.

Hata kwenye mfumo wa namna hiyo kuna jaribio ambalo kazi nyingi hushindwa. Weka watunza fedha wawili kwenye madirisha mawili, na mume na mke wanaotumia akaunti moja yenye shilingi 100,000. Kwa wakati mmoja, dirisha la kwanza linaombwa 80,000 na la pili 70,000. Programu zote mbili zinasoma salio, zote zinaona 100,000, zote zinaridhika kwamba fedha zinatosha, zote zinatoa. Kama salio ni namba moja, dirisha la kwanza litaandika 20,000, la pili litaandika 30,000 juu yake, na mfumo utaonyesha kuwa zimebaki 30,000 ilhali 150,000 zimekwisha kutoka kwenye sanduku. Dawa yake ipo ndani ya Django tangu zamani: operesheni nzima inafungwa kwenye transaction.atomic, na akaunti inasomwa kwa select_for_update, ili anayekuja wa pili asubiri wa kwanza amalize. Tafuta maneno hayo mawili kwenye msimbo wa kutoa fedha. Yasipokuwepo, muulize mjenzi analizuiaje jambo hilo, na umsikilize kwa makini, maana zipo njia nyingine halali. Zingatia pia kwamba mradi mpya wa Django huanza na hifadhidata ya SQLite, na huko select_for_update haina athari yoyote. Jaribio hili lifanyike kwenye PostgreSQL au hifadhidata ileile itakayotumika kazini.

Ndugu wa tatizo hilo ni malipo ya simu. Mfumo wa malipo ukituma taarifa kwamba mwanachama amelipa, na mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi, taarifa ileile inaweza kutumwa tena. Mjenzi makini huweka sharti la upekee kwenye namba ya muamala, ndani ya hifadhidata yenyewe kwa UniqueConstraint, wala hategemei fomu peke yake. Fomu ni ya kumsaidia mtumiaji asikosee. Hifadhidata ndiyo inayokataa.

Kasi ya mfumo haipimwi kwa data ya maonyesho. Mwombe mjenzi ajaze mikopo 5,000 ya uongo, kisha fungua orodha. Kosa la kawaida limejificha kwenye mstari mzuri na mfupi wa ukurasa, unaosema tu onyesha jina la mwanachama mwenye mkopo huu. Kwa orodha ya mikopo 200, mstari huo unaweza kuipelekea hifadhidata maulizo 201: moja la kuleta mikopo, na mengine 200 ya kwenda kuuliza majina, moja moja. Kwa kuongeza select_related kwenye ulizo la kwanza, yote yanakuja kwa mara moja. Kuna zana iitwayo Django Debug Toolbar inayohesabu maulizo ya kila ukurasa. Iwashwe mbele yako. Napenda sana kumtazama mjenzi wakati huo. Anayejua kazi yake ataitazama hesabu hiyo kabla yako, na kama ni kubwa ataanza kueleza bila kuulizwa.

Saa nazo zina mtego wake. Django hutunza nyakati kwa saa ya dunia, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Malipo yaliyofanyika saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwa saa ya dunia bado ni tarehe 30 Juni. Ripoti isiyozingatia hilo itayapeleka malipo hayo mwezi uliopita, na kwa taasisi inayofunga hesabu Juni, mwaka wa fedha uliopita. Ingiza malipo ya saa hiyo na uone yanaangukia ripoti ipi.

Kuhusu ulinzi, mengi Django imekwisha kuyafanya, kwa hiyo kazi yako ni kutafuta mahali mjenzi alipouondoa ulinzi uliokuwepo. Tafuta csrf_exempt na mark_safe, uombe maelezo ya kila moja. Hakikisha DEBUG imezimwa kwenye seva ya kazi, na amri ya check --deploy iendeshwe ukiwepo. Kisha fanya jaribio hili wewe mwenyewe, halihitaji utaalamu: ingia kama mwanachama wa kawaida, fungua mkopo wako, tazama anwani juu ya kivinjari. Kama inaishia na 41, andika 42. Ukiona mkopo wa mtu mwingine, mjenzi alikagua kwamba umeingia na hakukagua kwamba mkopo ni wako. Kwa Kenya hilo linagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, basi usikubali kuambiwa ni dosari ndogo itakayorekebishwa baadaye.

Faili za migresheni zisome kwa mfuatano wa namba zake. Zilikuja kuwa sehemu ya Django yenyewe katika toleo la 1.7, mwaka 2014, na zinaweka kumbukumbu ya kila badiliko la majedwali. Hatua ndogondogo zenye majina yanayoeleweka ni dalili njema. Mradi wa miaka miwili wenye faili moja tu unastahili swali: historia ilifutwa kwa nini, na data ya zamani ilihamishwaje? Kwenye majaribio yaliyoandikwa, usihesabu wingi. Tafuta jaribio la kutoa fedha kuliko salio, la kulipa mara mbili, la kufungua mkopo wa mwingine. Matatu hayo yakiwepo, nina imani na mtu huyo. Angalia pia lugha: Django ina tafsiri ya Kiswahili ya ujumbe wake wa kawaida, na karani wa dirishani hana sababu ya kuonywa kwa Kiingereza.

Kwa anayejifunza, ningeshauri mpangilio usiofuatwa na wengi. Ukimaliza mafunzo rasmi, usikimbilie kupamba kurasa. Jifunze SQL kwa wiki kadhaa, hata kama Django inakuandikia, na kila ulizo unaloandika kwa Python lichapishe uone lilivyogeuzwa. Kaa siku nzima na mhasibu au karani, umwangalie akisahihisha kosa kwenye daftari, kabla hujaandika modeli hata moja. Kisha jenga mfumo mdogo wenye fedha, uufanyie majaribio yote yaliyotajwa hapa, na umpe mwenzako auvunje.

Na wewe uliyeteuliwa kwenye kamati ya kupokea mfumo wa chama chenu, hata kama hujui kuandika msimbo, una haki ya kudai mambo mawili yafanyike mbele yako: watunza fedha wawili kwenye akaunti moja, na namba kubadilishwa kwenye anwani. Mfumo ukishindwa moja kati ya hayo usiusainie, hata kama kurasa zake zinapendeza na bei yake ni nafuu. Mrudishie mjenzi, mwonyeshe mahali, na mpangiane tarehe nyingine.