Kitoe Kipande, Uuache Mgongo

Nyakiriba, huku Rwanda, ni nchi ya miinuko. Viazi, karoti na vitunguu huanza safari kichwani au mgongoni mwa mtu kabla ya kuona gari linaloteremka Gisenyi. Ndiyo maana mtu akipatwa na maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita kalioni na kushuka mguu mmoja mpaka vidoleni, majirani hawatafuti sababu: ni mizigo. Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Michele Battié na wenzake waliwapima mapacha wa Finland, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kazi nzito inaeleza sehemu ndogo tu ya kuchakaa kwa diski; kurithi na malezi ya pamoja vinaeleza sehemu kubwa zaidi. Mbeba viazi na karani wa benki wanaweza kuugua ugonjwa uleule. Tofauti ni kwamba karani huugua huku mshahara ukiingia.

Diski hukaa kati ya pingili na pingili. Nje ni pete ngumu ya nyuzi zilizopishana, ndani ni kiini laini chenye maji mengi. Pete ikipasuka kwa nyuma, kiini hutokeza na kukandamiza mzizi wa neva, mara nyingi kwenye diski mbili za chini kabisa. Adui, basi, ni kipande kidogo. Vyote vinavyokizunguka, yaani misuli, mfupa, kano na neva yenyewe, ni vizima na vina kazi. Daktari anakifikiaje bila kuviharibu? Ufundi wote umo katika swali hilo.

Madaktari wa kwanza hawakuwa na anasa ya kuliuliza. William Mixter na Joseph Barr wa Boston, waliotangaza mwaka 1934 kwamba maumivu haya hutokana na diski iliyopasuka, walikuwa warithi wa upasuaji ulioviita vipande hivyo uvimbe. Mgongo ulifunguliwa kwa mkato mrefu, misuli ikabanduliwa, mfupa ukaondolewa. Mgonjwa alipona mguu, akabaki na mgongo uliojeruhiwa.

Kisha likaja papai. Mwaka 1956 Lewis Thomas aliwadunga sungura papeini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, na masikio yao yakalegea na kuanguka, kisha yakasimama tena baada ya siku chache. Gegedu ilikuwa imelainika. Lyman Smith wa Illinois akawaza: kama utomvu unalainisha sikio, je, kiini cha diski? Mwaka 1964 alichapisha habari za wagonjwa waliodungwa kimopapeini, ndugu wa papeini, ndani ya diski kwa sindano tu. Marekani iliruhusu dawa hiyo mwaka 1982. Napenda kuikumbuka habari hii nikiwa upande huu wa Ziwa Kivu, kwa sababu kaskazini, huko Beni, Kongo, wakulima huchanja mapapai mabichi na kukausha utomvu wake kwa ajili ya viwanda vya mbali. Lakini dawa ilikuwa na makali yake: baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio wa ghafla wa kutishia maisha, wachache wakapooza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaondoka sokoni.

Kilichobaki ni mikono. Mwaka 1977 Gazi Yaşargil wa Zürich na Wolfhard Caspar wa Homburg, kila mmoja kivyake, walieleza jinsi ya kuifikia diski kwa hadubini kupitia mkato mdogo. Mwaka 1997 Kevin Foley na Maurice Smith wakaongeza bomba.

Tazama upasuaji huo unavyofanyika. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, tumbo likining'inia bila kugandamizwa, kwa kuwa tumbo likibanwa, mishipa ya damu iliyozunguka uti hujaa na kuvuja. Eksirei hupigwa kuhakikisha ni pingili ipi, maana kufungua pingili ya jirani ni rahisi kuliko unavyodhani. Ngozi huchanwa kama sentimita 2 kando ya mstari wa katikati. Bomba jembamba huingizwa, nene zaidi huvishwa juu yake, jingine tena, na misuli huachana kama nyuzi za kikapu zinazopisha kidole, bila hata moja kukatwa. Bomba la mwisho huwa na upana wa milimita 14 hadi 18, na kazi yote hufanyika humo. Ukingo wa mfupa hupunguzwa kidogo, kano ya manjano hufunguliwa, na mzizi wa neva husogezwa pembeni kwa upole. Chini yake kipande hushikwa kwa koleo na kutolewa. Kwa njia ya kamera, mkato hupungua hadi milimita 8 hivi, maji yakitiririka kusafisha uwanja, na mgonjwa aliyepigwa ganzi tu anaweza kusema mguu ukimchoma.

Hata hivyo, udogo wa kidonda si ufundi wenyewe. Mark Arts na wenzake wa Uholanzi, mwaka 2009, hawakuona bomba likiushinda mkato mdogo wa kawaida wa hadubini. Na kuna ufundi wa kusubiri. Katika jaribio la Wilco Peul, mwaka 2007, lililowahusu watu 283 wenye maumivu makali ya mguu, waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka asilimia 95 hivi walikuwa wamepona katika makundi yote mawili, ingawa asilimia 39 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa. Mwili huweza kukila kipande wenyewe. Haya hayamhusu anayeshindwa kukojoa, au anayekufa ganzi katikati ya mapaja. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ufundi huo wa mikono umeanza kufundishwa karibu. Roger Härtl wa Weill Cornell, New York, ameshirikiana na madaktari wa Tanzania tangu 2008, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa mwenyeji wa kozi za upasuaji huu. Mgonjwa wa Nyakiriba hupitia kituo cha afya, hospitali ya Gisenyi, kisha barabara ya kilomita 150 hivi kwenda Kigali.

Mgonjwa akiwa mezani, hufika uamuzi mmoja wa mwisho. Kipande kimetoka, na ndani ya pete bado kuna kiini. Zamani madaktari walikikwangua chote. Mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba kukwangua hupunguza kurudi kwa ugonjwa lakini huongeza maumivu ya mgongo ya baadaye. Wengi leo hutoa kilichochomoka na kuacha, wakijua baadhi watarudi. Kwa mama mwenye shamba, kurudi ni rufaa nyingine na msimu mwingine wa viazi uliopotea. Ningependa aelezwe hivyo kabla ya kulazwa, kwa lugha anayoielewa, na achague yeye.