Mdomo na Kinywa katika Maelezo ya Dawa

Istilahi njema hupimwa kwa tendo la yule aisomaye. Kwa kipimo hicho, maneno yanayotumika kueleza dawa za vidonda vya kinywani yana kasoro, na kasoro hizo zaweza kumdhuru mgonjwa.

Ya kwanza ni kuchanganya mdomo na kinywa. Katika mazungumzo ya kawaida maneno hayo hubadilishana, wala hatuoni ubaya. Lakini agizo "paka mdomoni" laweza kumfanya mama wa Ukata, Mbinga, apake midomo ya mwanawe kwa nje, hali vidonda viko kwenye ufizi na chini ya ulimi, na mtoto amekataa kunyonya. Wako watakaosema kwamba kinywa ni neno la vitabuni. Hatukubaliani nao. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Kinyanja cha Malawi hutenga milomo na kamwa, kama Kiswahili kitengavyo midomo na kinywa. Msomaji wa mwambao hatalistaajabia neno hilo.

Ya pili ni "nusu nguvu". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu watoto wagonjwa huagiza jenshiani vayoleti, ile dawa ya zambarau iitwayo GV, kwa kiwango cha asilimia 0.25 kinywani, na asilimia 0.5 kwenye ngozi. "Nusu nguvu" ni tafsiri ya neno kwa neno. Humfanya msomaji aidhanie dawa kuwa hafifu, naye akaizidisha. Tunacho kitenzi kuzimua, yaani kupunguza ukali kwa kutia maji. Basi na isemwe "dawa iliyozimuliwa".

Ya tatu ni "uvimbe". Ufizi waweza kuwa mwekundu na wenye kuunguza pasipo kuvimba sana. Mchochota, neno la maumivu ya kuwasha, lafaa zaidi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kukuza lugha hii. Twapendekeza kwamba, kabla ya kusanifiwa, istilahi za dawa zisomwe kwanza mbele ya wauguzi na wazazi wa Mbinga na Mbamba Bay, nao waeleze watakalotenda. Agizo liwe hivi: "Nawa mikono. Safisha kinywa cha mtoto kwa kitambaa laini chenye maji ya chumvi. Paka dawa iliyozimuliwa ndani ya kinywa, mara mbili kwa siku."