Kuuotea Mkondo wa Shela

Mashindano ya mashua Lamu huanza kabla tanga halijapandishwa, maji yakiwa yamekupwa na chombo kimelazwa ubavu ufukweni. Mabaharia hukwangua chaza na mwani, hupitisha makuti yanayowaka chini ya mbao ili kuua wadudu watoboao, kisha hupaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Huipaka kwa viganja. Nahodha niliyemtazama alipita nyuma yao akipapasa kila ubao. Alipokuta uvimbe hakusema neno, aliusugua mwenyewe.

Farumi ni magunia ya mchanga, nayo hayafungwi, maana yatahamishwa kila chombo kikigeuka. Ubao mrefu huchomozwa nje upande wa upepo, mabaharia wakaukalia ili mashua isilale. Tanga la pamba hurushiwa maji: nyuzi zikilowa hushikana, upepo haupenyi.

Mlango kati ya Lamu na Manda hufunguka baharini hapo Shela. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na sehemu kubwa ya maji yaliyojaza vijito vya mikoko hutokea hapo. Kaskazi ikivuma wakati wa kupwa, upepo na mkondo huteremka pamoja, kila nahodha akaonekana hodari. Watazamaji hushangilia hapo. Mimi napenda safari ya kurudi, ya kubisha dhidi ya vyote viwili.

Katikati ya mlango upepo ni mzuri, lakini ndipo mkondo ulipo na nguvu. Kando ya ufukwe maji hukwaruza chini, yakapunguza mwendo. Nyuma ya kichwa cha mchanga huweza hata kurudi kinyume. Huko nako majumba hukata upepo, na usukani waweza kugonga. Kwa hiyo baharia mmoja alisimama omo na upondo akipima kina, na nahodha akawa anatazama vyombo vilivyotia nanga vimelalia wapi, na povu linapita mbio kiasi gani kwenye kamba zao.

Kugeuka ndiko kugumu. Nahodha huuachia upepo mpaka tezi iuelekee. Demani, kamba ya kukazia tanga, hulegezwa, tanga likapepea mbele kama bendera. Aliye omo huvuta mguu wa foromali, mti unaobeba tanga, hadi usimame karibu na mlingoti, demani ikazungushwa kwa mbele hadi upande wa pili, mguu ukafungwa upya. Wakati huohuo magunia yanarushwa mkono kwa mkono na ubao unasukumwa ng'ambo. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Lakini muda wote huo mashua inarudishwa nyuma, ndiyo maana nahodha huyu aligeuka mara chache, tena mahali maji yalipolegea tu.

Wapinzani walibaki katikati, matanga yamejaa tele, omo zinapasua maji, na bado walikuwa mkabala na mnazi uleule. Yeye alitambaa kandokando, akachukua kipande, akangoja, akachukua kingine.

Lililobaki ni boya la mwisho. Mashua iliyokuwa jirani iligeuka mapema ikilielekea moja kwa moja. Mkondo ukaisukuma chini yake, ikalazimika kubisha tena. Mabaharia wetu walikuwa wameshika kamba, macho yote kwa nahodha. Alikaza usukani, akaendelea mbele, na mbele kidogo tena, mpaka boya likaonekana limebaki nyuma ya bega lake. Ndipo akageuza. Maji yaliichukua mashua kimshazari yakaileta palepale alipotaka, ikapita upande wa juu wa boya kwa nafasi isiyozidi urefu wake. Akalegeza demani, akaagiza ngama ifuliwe maji.