Isaac Alibaki: Kusoma John Green Ukiwa Muleba

Nianze kwa kukiri. The Fault in Our Stars ya John Green ilitoka mwaka 2012, filamu yake ikafuata 2014, dunia ikalia, mimi nikapita pembeni. Nilidhani ni mapenzi ya watoto wa Kizungu tu. Nimeisoma juzi juzi kwa sababu ya binti mmoja wa Muleba aliyeugua saratani utotoni akapona. Aliniazima nakala yake iliyochakaa na swali moja: kaka, mbona Isaac kasahaulika?

Kwa ambaye hajaisoma: Hazel ana miaka 16, saratani imeshafika kwenye mapafu. Mama yake anamlazimisha kwenda kwenye kikundi cha vijana wagonjwa kinachokutana kanisani, Indianapolis. Huko anampata Augustus, aliyekatwa mguu. Mengine mtajisomea.

Kwenye kikundi hicho Green yuko vizuri sana. Wale vijana hawaelezani kuumwa ni nini, wanajua. Wanataniana kuhusu mguu wa bandia na macho yasiyoona, utani ambao ukiuleta mtaani kwetu Kashai utaambiwa huna adabu. Daktari anatoa dawa, mama anatoa machozi, ila ruhusa ya kucheka inatoka kwa mwenzako tu.

Sasa angalia wanaopona. Patrick, kiongozi wa kikundi, alipona, na Hazel anamfanya kichekesho: mtu mzima anayesimulia ugonjwa wake kila wiki. Isaac saratani inamchukua macho yote mawili, anaachwa na mpenzi, na anabaki hai. Kisha riwaya inampisha pembeni ili tuwalilie wengine. Kwa Green, anayekufa ana hadithi; anayepona anabaki na maisha tu. Hapo ndo ninapogombana naye.

Maana huku kwetu kupona ndo mwanzo wa hadithi. Binti huyu alikuwa na uvimbe wa taya, ile saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu. Inakua haraka, lakini dawa ikiwahi inasikia. Alitibiwa Mwanza, maana watoto wa Kagera hupelekwa Bugando. Wodini alipata kikundi chake bila mtu kukiunda: watoto wa Geita, Mara, Shinyanga, wote vipara, wakishindana nani katapika mara nyingi. Alipopona akapanda basi kurudi nyumbani, na kikundi kikaishia stendi. Muleba hakukuta hata mmoja aliyewahi kupoteza nywele. Darasa lilishamwacha. Wapo waliokataa kula naye sahani moja wakidhani ataambukiza. Hazel anapelekwa kwa wenzake na gari la mama. Huyu wenzake wako mikoa mitatu tofauti, nauli hana. Miaka yote hiyo, mwenzake wa karibu alikuwa Isaac wa kitabuni.

Fasihi yetu nayo imemwacha peke yake. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na tulijifunza kuandika ugonjwa kwa wino wa msiba. Ua la Faraja ya William Mkufya (2004) ni riwaya kubwa, lakini mzigo wake ni ule ule wa UKIMWI. Mtoto aliyepona saratani akarudi kugombania nafasi darasani, sijamkuta katika riwaya ya Kiswahili niliyosoma.

Je, kitabu kisomwe? Kisomwe, hasa na walimu na wazazi, kwa ajili ya ule utani. Kisha tuwaulize waliopona walirudi vipi nyumbani.

Nilipomrudishia binti nakala yake, nilimjibu kwamba mwandishi hakujua afanye nini na mtu aliyebaki. Akacheka, akasema hata kijijini kwao hawakujua. Ameanza kuandika, kwenye daftari la shule. Ameniahidi nitasoma likijaa.